Nani Achore Kitufe? Safari ya Kiolesura kutoka Massachusetts hadi Ituri

Kati ya Septemba na Desemba 2007, wadodosaji walizunguka Ituri na Kivu zote mbili, mashariki ya Kongo, wakiwa na maswali mazito: amani ina maana gani kwa mtu aliyekimbia kwake, haki itendeke wapi, nani awajibike. Watu 2,620 walijibu. Kazi ikiwa katikati, tarehe 17 Oktoba, serikali ya Kinshasa ilimkabidhi Germain Katanga kwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Katanga aliwahi kuongoza wapiganaji wa kundi la FRPI, na makao yake yalikuwa Aveba, katika uchifu wa Walendu-Bindi, kusini ya Bunia. Machi 2014 mahakama hiyo ilimtia hatiani kwa shambulio la Bogoro la tarehe 24 Februari 2003, na Mei ikamhukumu kifungo cha miaka 12.

Ripoti ya dodoso lile ilitoka 2008 kwa jina la Living with Fear. Miongoni mwa walioiandika ni Patrick Vinck na Phuong Pham, ambao walikuwa wamekwisha kufanya utafiti wa aina hiyo kaskazini mwa Uganda. Anayeifanya kazi hii kwa karatasi anazijua taabu zake. Dodoso refu lina njia panda nyingi: aliyejibu ndiyo aruke kutoka swali la 40 hadi la 46, aliyejibu hapana aendelee. Jua likiwa kali na mdodosaji amechoka, anaruka pasiporukwa. Kisha karatasi zinapanda pikipiki, zinanyeshewa, na mwisho wa safari zinamfikia mtu anayeketi kuziingiza kwenye kompyuta moja moja, akiongeza makosa yake juu ya yale ya barabarani.

Kutokana na tafiti hizo, Vinck, Pham na wenzao walijenga zana waliyoiita KoBo, neno la Kiacholi lenye maana ya kuhamisha. Leo fomu moja iliyotengenezwa kwa KoBo inaweza kufunguka kwenye simu ya bei nafuu iliyo mkononi mwa mdodosaji huko Aveba, na pia kwenye kivinjari cha kompyuta ya ofisi mjini Bunia. Maswali ni yale yale, na kuruka ni kule kule. Ila vitufe havifanani. Simu imevichora kwa mkono wake, kompyuta kwa mkono wake, na aliyeiandika fomu hakuchora chochote.

Jambo hilo dogo lilichukua takriban miaka 30 kupatikana. Historia yake ni mabishano marefu ya mafundi juu ya swali moja: programu moja ikitakiwa ifanye kazi kwenye mashine za aina nyingi, nani achore kitufe?

Mwaka 1984 Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, MIT, kilikuwa na mradi uliojulikana kama Athena. Ulikusudia kuwapa wanafunzi kompyuta zilizounganishwa kwa mtandao, na kompyuta zenyewe hazikuwa za kiwanda kimoja. Bob Scheifler na Jim Gettys wakaanza kuandika mfumo wa madirisha ambao ungeenea kwenye mashine zote hizo. Wakauita X. Toleo la 11, ambalo vizazi vyake vinatumika hadi leo, lilitoka Septemba 1987.

X ilikuwa na uungwana wa ajabu, ambao baadaye uliwatesa wengi. Waliouunda walikubaliana kwamba mfumo utoe uwezo tu, usitoe amri juu ya mwonekano. X ilijua kuchora mstari, mstatili na herufi, na ilijua kipanya kimebofya wapi. Kitufe haikukijua. Menyu haikuijua. Kila aliyehitaji kitufe alipaswa kukijenga mwenyewe juu ya mistatili hiyo, au kuazima sanduku la zana la mtu mwingine.

Masanduku yakazaliana. Sanduku la Athena lenyewe lilikuwa na mwambaa wa kusogeza kurasa uliomshangaza kila mgeni: ukiubofya kwa kitufe cha kushoto cha kipanya maandishi yanapanda, kwa cha kulia yanashuka, na cha katikati ndicho cha kuburuta. Sun na AT&T wakaja na OPEN LOOK. Wapinzani wao wakaja na Motif. Mtu aliyefungua programu tatu kwenye skrini moja aliweza kukutana na mila tatu za vitufe.

Nje ya vyuo, mambo yalikuwa kinyume kabisa. Macintosh ya Apple, iliyotoka Januari 1984, ilikuja na zana zake za menyu na vitufe zikiwa zimechomwa ndani ya chipu ya kumbukumbu ya kilobaiti 64. Novemba 1985 Microsoft ikatoa Windows 1.0, nayo ikiwa na vitufe vyake. Huku hapakuwa na hiari: mwenye nyumba ndiye mchoraji. Kufikia mwisho wa muongo ule, mwandishi wa programu aliyetaka kuwafikia watu wa Unix yenye X, wa Windows na wa Macintosh alilazimika kuiandika kazi yake mara tatu.

Julian Smart alikuwa Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1992, akitengeneza zana ya michoro iliyoitwa Hardy. Ilitakiwa ifanye kazi kwenye kompyuta za Unix zenye X na pia kwenye Windows. Akaandika tabaka jembamba katikati. Programu inaliambia tabaka, nataka kitufe hapa. Tabaka likiwa juu ya Windows linaiomba Windows ilete kitufe chake. Likiwa juu ya X linaomba kwa sanduku la zana lililopo. Jina lake, wxWindows, lilibeba herufi za pande zote mbili: w ya Windows, x ya X. Mwaka 2004, baada ya Microsoft kulalamikia jina, likawa wxWidgets.

Huu ndio mtindo wa mgeni mwenye adabu. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho, na wx ilifumba. Kwenye kila mfumo ilivaa nguo za mwenyeji, na mtumiaji hakutambua kuwa ana mgeni. Ila adabu ina gharama. Mwenyeji mmoja akiwa na jedwali lenye safu zinazopangika kwa kubofya na mwingine hana, mgeni ama analikosa kote, ama analijenga kwa mkono pale lilipokosekana. Programu inabaki na kile tu ambacho wenyeji wote wanacho, na hicho kwa kawaida ni kidogo.

Mkabala wa pili ulianzia Norway, hospitalini. Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng walikuwa wakiandika programu ya kuhifadhi picha za ultrasaundi, na programu hiyo ilitakiwa kufanya kazi kwenye Unix, Macintosh na Windows. Siku moja ya kiangazi cha 1990 mjini Trondheim, walitoka nje wakakaa kwenye benchi la bustani, na hapo wazo la mfumo mmoja wa kuonyesha mambo kwenye skrini zote likazungumzwa. Mwaka uliofuata wakaanza kuandika. Machi 1994 wakasajili kampuni, ambayo baadaye ilijulikana kama Trolltech, na Mei 1995 wakatoa Qt kwa umma.

Qt haikumwazima mwenyeji nguo. Ilikuja na cherehani yake. Kwenye Windows ilichora kitufe chenyewe, pikseli kwa pikseli, ila ikakishona kifanane na cha Windows. Kwenye X ilishona kinachofanana na cha Motif. Kwa kuwa uzi na sindano vyote vilikuwa vyake, programu ilipata kila kitu kila mahali, bila kusubiri mwenyeji fulani ajaliwe jedwali lenye safu. Oktoba 1996 Matthias Ettrich alianzisha KDE, mazingira kamili ya kompyuta ya Unix yaliyojengwa juu ya Qt.

Kilichowasumbua ni fasheni. Microsoft ilipotoa Windows XP mwaka 2001, vitufe vyote vilibadilika umbo na rangi, na kila aliyekuwa ameshona kwa kuigiza akabaki na nguo za msimu uliopita. Suluhisho lilikuwa la katikati: Windows mpya ilitoa mlango ambao programu ingeweza kuupitia na kusema, nichoree mwonekano wa kitufe tu, mengine niachie. Qt ikautumia mlango huo. Wale wawili waliokuwa wakibishana, wa kuazima na wa kushona, wakaanza kukaribiana.

Java nayo ilipita njia zote mbili ndani ya miaka mitatu. Ilipotoka mwaka 1995 ikijinadi kuwa ukiandika mara moja programu itafanya kazi popote, sanduku lake la AWT liliazima vitufe vya mwenyeji, nalo likawa na vitu vichache mno. Kufikia 1998 Java ilikuwa imeleta Swing, iliyojichorea kila kitu. Waandishi wa programu wakageuza ahadi kuwa utani: andika mara moja, rekebisha kila mahali.

Afrika Mashariki iliyaonja mabishano haya kupitia programu ya ofisi.

Mjerumani Marco Börries alianzisha StarDivision akiwa kijana mdogo mjini Lüneburg, katikati ya miaka ya 1980. Kampuni ilitaka programu yake ya ofisi iuzwe kwenye mifumo mingi, hivyo ikajijengea sanduku la zana la ndani ambalo lilificha tofauti za Windows, X na mengineyo. Sun ilipoinunua kampuni hiyo 1999, ililinunua na sanduku lake. Tarehe 13 Oktoba 2000 msimbo wote uliwekwa wazi kwa jina la OpenOffice.org, na ndani yake sanduku lile likiwa linaitwa VCL. Karibu kila dirisha, menyu na kisanduku cha programu nzima kilipitia humo.

Kwa watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hilo lilikuwa na maana moja ya maana sana: aliyetafsiri mara moja ametafsiri kwa wote. Mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na chuo hicho kwa kushirikiana na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46, ulikusanya istilahi na kutafsiri OpenOffice kwa Kiswahili. Desemba 2004 ikatoka Jambo OpenOffice, kwa Linux na kwa Windows. Mwalimu aliyekuwa na Windows na mwanafunzi aliyekuwa na Linux walisoma menyu zenye Kiswahili kile kile, kwa sababu maneno yalikaa mahali pamoja, juu ya tabaka lililowajua wenyeji wote wawili.

Lakini VCL ilikuwa na kilema cha kuzaliwa nacho. Visanduku vyake vya mazungumzo viliandikwa kwa vipimo: kitufe hiki kianze hapa, upana wake huu, urefu wake huu. Maneno ya Kiingereza yalienea humo kama mguu kwenye kiatu chake. Kiswahili kina miguu mingine. Neno la herufi mbili la kukubali linakuwa Sawa, neno la herufi nne la kuhifadhi linakuwa Hifadhi, na agizo la kuhifadhi kwa jina jingine linazaa maneno mawili au matatu. Kisanduku kilichopimwa kwa lugha moja hukata ncha za lugha nyingine. Watafsiri wa lugha nyingi duniani walijua mateso hayo: ama ufupishe neno mpaka lisieleweke, ama umwombe mtayarishaji aongeze pikseli, halafu usubiri toleo lijalo.

Dawa ilikuwepo muda mrefu kwa jirani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 John Ousterhout, akiwa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alianza kujenga Tk, sanduku ambalo mwandishi hataji vipimo ndani yake. Anasema tu: kitufe hiki kikae kushoto kwa kile, na hiki kijaze nafasi iliyobaki. Sanduku lenyewe linauliza kila kitu kinahitaji nafasi kiasi gani, likiwa limekwisha kuona neno litakaloandikwa, kisha linapanga. GTK, iliyozaliwa Berkeley pia, ilifuata njia hiyo. Wanafunzi wawili, Spencer Kimball na Peter Mattis, waliitengeneza kwa ajili ya programu yao ya picha iitwayo GIMP baada ya kuchoka na Motif. Humo kila kitu hukaa ndani ya kasha, makasha ndani ya makasha, na neno likirefuka kasha linapanuka.

LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice Septemba 2010, iliichukua dawa hiyo. Kuanzia toleo la 4.0 la mwaka 2013, kazi iliyoongozwa kwa kiasi kikubwa na Caolán McNamara ilianza kuhamisha visanduku vya zamani, kimoja kimoja, kutoka kwenye vipimo hadi kwenye makasha. Ilikuwa kazi ya miaka, maana visanduku vilikuwa mamia.

Kuna kisa kidogo ndani ya hadithi hii ambacho kinaonyesha mafundi walikokuwa wakielekea. Kisanduku kikiuliza kama unataka kufuta faili, kinaweka vitufe viwili, cha kukubali na cha kughairi. Windows huweka cha kukubali kwanza, kisha cha kughairi. Macintosh na GNOME, mazingira ya Unix yaliyojengwa juu ya GTK, hukiweka cha kukubali mwisho kabisa, kulia. Vidole vya mtu huzoea, na programu iliyobeba mpangilio wa kwao kwenda ugenini huweza kufuta faili la mtu aliyekusudia kughairi.

Mwaka 2006 Qt 4.2 ilileta kasha maalumu la vitufe vya mwisho wa kisanduku. Mwandishi haulizwi tena kipi kiwe kulia. Anaulizwa kila kitufe kina kazi gani: hiki ni cha kukubali, hiki cha kukataa, hiki cha msaada. Kasha linapofika Windows linapanga kwa mila ya Windows, likifika kwenye KDE au GNOME linafuata mila ya huko. wxWidgets nayo ilikuwa na kifaa cha namna hiyo. Swali la nani achore lilianza kupoteza uzito. Mwandishi aeleze kazi ya kitu, na kila mwenyeji akichore apendavyo.

Wapo waliokuwa wamelifikisha wazo hilo mbali zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2003 jumuiya ya viwango vya wavuti, W3C, ilipitisha kiwango cha XForms. Ndani ya XForms hakuna kiduara cha kubofya wala menyu ya kushuka. Kuna kuchagua kimoja, kuchagua vingi, kuingiza maandishi, kuingiza siri. Kuchagua kimoja kunaweza kuwa viduara kwenye skrini pana, orodha kwenye skrini finyu, au sauti inayosoma chaguo kwa asiyeona. Karibu wakati huo huo simu ndogo zenye Java zilikuwa zikienea. Kiwango chao, MIDP, kilichotoka 2000, kilikuwa na tabaka la juu lenye fikra ile ile: programu inataja fomu, sehemu ya kuandika na kundi la chaguo, na simu yenyewe inaamua vitokee namna gani na vibonyezo vipi vivihudumie.

XForms haikupata makao ndani ya vivinjari vya wakubwa. Ilipata makao Afrika.

Mwaka 2007 Brian DeRenzi na wenzake walijaribu huko Mtwara, kusini mwa Tanzania, programu ya kiganjani iliyomwongoza mhudumu wa zahanati hatua kwa hatua katika kumchunguza mtoto mgonjwa, kwa kufuata mwongozo wa magonjwa ya watoto wa Shirika la Afya Duniani. Majibu ya mama yaliamua swali litakalofuata. Mwaka 2008, Dar es Salaam, shirika la D-tree na kampuni ya Dimagi walikuwa wakijaribu CommCare, zana ya wahudumu wa afya wanaotembelea kaya, kwenye simu za kawaida zenye Java. Injini iliyosoma fomu hizo iliitwa JavaRosa, nayo ilisoma XForms.

Mwaka huo huo simu ya kwanza ya Android ikatoka. Gaetano Borriello wa Chuo Kikuu cha Washington na wanafunzi wake, wakiwemo Yaw Anokwa, Carl Hartung na Waylon Brunette, wakaanza kujenga Open Data Kit, ambayo watu huiita ODK. Hawakuandika injini mpya. Waliichukua JavaRosa ya simu ndogo, wakaiweka ndani ya Android, kisha wakaivika vitufe vya Android. Magharibi mwa Kenya, wahudumu wa AMPATH, mpango wenye makao Eldoret unaoshirikisha Chuo Kikuu cha Moi, waliibeba nyumba kwa nyumba katika ushauri na upimaji wa virusi vya UKIMWI. Injini ilikuwa imehama kutoka simu ya vibonyezo hadi kioo cha kugusa, na fomu zilihama nayo, kwa kuwa hazikuwahi kutaja kibonyezo wala kioo.

Kilichobaki ni kumwondolea mwandishi wa maswali mzigo wa msimbo. Kundi la Chuo Kikuu cha Columbia huko New York lilibuni njia ya kuandika fomu kwenye lahajedwali la Excel, njia inayojulikana sasa kama XLSForm. Kila mstari ni swali. Safu ya kwanza inataja aina yake, kwa mfano select_one, yaani chagua kimoja. Safu inayofuata ni jina lake, na inayofuata ni maneno yatakayosomwa. Safu nyingine inaeleza swali liulizwe lini na lirukwe lini. Mtu wa afya au wa haki za binadamu, ambaye hajawahi kuandika msimbo maishani, anajaza jedwali, anapakia, na programu inaligeuza kuwa XForms.

KoBo ilijengwa juu ya nguzo hizo zote: fomu za ODK, jedwali la Excel, na Enketo, ambayo huichora fomu ile ile ndani ya kivinjari. Mwaka 2014 mpango wa Harvard wa masuala ya kibinadamu uliitoa KoBoToolbox pamoja na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kuratibu misaada, OCHA, na mashirika yanayohudumia dharura yakaitumia kwa wingi. Mwisho wa 2013, Vinck na Pham walikuwa wamerudi mashariki ya Kongo na dodoso jingine, Ituri na Kivu zote mbili, na mara hii walioulizwa walizidi 5,000.

Wakubwa wa viwandani nao hawakusimama. Kristian Høgsberg alianza Wayland mwaka 2008 ili iichukue nafasi ya X iliyozeeka, na programu za GTK na Qt nyingi zikahamia huko bila kuandikwa upya, kwa sababu hazikuwahi kuzungumza na X moja kwa moja. Sanduku ndilo lililozungumza. Desemba 2018 Google ikatoa Flutter 1.0, inayojichorea kila pikseli kama Qt ya mwanzo, kwenye Android na kwenye iPhone. Cherehani imerudi mjini, na mabishano yameanza upya kwa vijana ambao hawajawahi kuiona Motif.

Kwa anayeandaa fomu Bunia, mabishano hayo yako mbali. Shida yake ni safu ya maneno. XLSForm inamruhusu kuweka lugha nyingi bega kwa bega: safu ya Kifaransa, safu ya Kiswahili, na nyingine kadiri atakavyo, na mdodosaji anachagua lugha kwenye menyu bila fomu kubadilika. Lakini Kiswahili kipi? Kile cha vitabu vya Dar es Salaam kinasema ofisi na hospitali. Cha Kongo, kilichokaa na Kifaransa, kina biro na lopitali. Na Aveba ni nchi ya Wangiti, ambao lugha yao, Ndruna, ilipata sarufi nene ya Constance Kutsch Lojenga iliyochapishwa Köln 1994. Ni lugha ya toni. Anayetaka safu yake kwenye fomu, na toni ziandikwe juu ya irabu, anategemea simu ijue kuirundika alama juu ya herufi bila kuimwaga pembeni. Kazi hiyo nayo haiko kwenye jedwali lake. Iko ndani ya maktaba za maandishi za mwenyeji.

Jedwali likikamilika, linapakiwa. Simu inaishusha fomu pale penye mtandao, halafu inaondoka nayo kwenda barabara ya kusini. Mtandao ukikatika njiani, fomu inaendelea kufanya kazi, kwa kuwa injini iko ndani ya simu yenyewe. Mdodosaji anasoma swali la kwanza kwa sauti. Android imechora viduara viwili, Ndiyo na Hapana, kwa upana wa kidole gumba. Anagusa kimoja, na maswali sita yasiyohusika yanapita bila kuonekana. Jioni, majibu yamehifadhiwa yakisubiri mnara. Yakifika Bunia, mtu anaifungua fomu ile kwenye kompyuta ili ahakiki jibu moja lililotiliwa shaka, na mbele yake kuna viduara vile viwili, vidogo, vya kubofya kwa kipanya.